Ua la Kwetu Katika Bustani ya Watu

Chumba cha juu ya fundi viatu,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili alasiri, mwezi wa tisa.

Mpendwa dada yangu,

Kabla sijasema lolote, pokea heshima inayomstahili aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui kufunga hata kifungo. Shikamoo, dada. Goti lako linasemaje siku hizi? Ulinieleza kwamba linatabiri mvua kuliko redio, nami nikawahadithia wenzangu kazini, na sasa kila wingu likitanda mmoja wao huniuliza, "Goti la dada limesemaje?" Na shemeji je, bado anabishana na jogoo wa jirani? Msalimie sana. Mwambie mimi niko upande wake, ingawa jogoo naye ana haki yake.

Sisi huku afya tunayo. Wifi yako mguu ulimvimba kidogo kwa ajili ya viatu vipya, nitakuambia, lakini sasa unapungua. Mimi niko pale pale penye tanuri. Nywele zimekuwa nyeupe na watu wameshindwa kujua kama ni uzee au ni unga. Nimewaacha wabaki na mashaka yao.

Dada, najua mnatusubiri wawili mwezi ujao. Najua umepaka chumba rangi, na najua umemwambia kila mtu kwamba kitindamimba anarudi nyumbani baada ya miaka yote hii, tena na binti yake. Atakuja Chiriku peke yake. Mimi siji. Si ugonjwa, wala kazini hawajanikatalia ruhusa. Sababu ni mimi mwenyewe, na ninakuandikia leo ili ulisikie jambo hili kwangu kabla hujasikia kwake. Huenda yeye asikuambie kabisa, maana ana staha kuliko baba yake.

Ilikuwa hivi.

Chiriku unamjua kwa picha na kwa sauti ya simu tu, kwa hiyo unajua kwa nini jina hilo la utani lilimganda. Tangu utotoni akiamka anaongea, akila anaongea, akipiga mswaki anaongea, povu likimtoka. Siku za kazi yuko duka la dawa, anapima na kufunga vidonge. Lakini mwaka huu kila Jumamosi asubuhi alikuwa akitoka na viatu vya mpira na kurudi jioni na matope mpaka kwenye kucha. Mimi nikajitia kujua. Nikasema kuna kijana. Nikamtania, "Huyo mchumba wako analima au anafuga nguruwe?" Alicheka tu. Sikuuliza zaidi. Baba mwenye akili angeuliza zaidi.

Ijumaa moja alitukalisha mezani, mimi na mama yake, akasema kesho yake tuende bustani kubwa, ile yenye bwawa, kuna matembezi ya watu wote. Akanigeukia akasema, "Baba, vaa lile shati la bluu." Nikamwambia bustanini watu hutembea, hawaoi. Akasema, "Livae tu." Nikalivaa.

Wifi yako naye akavaa viatu vipya, vile vyenye mdomo mwembamba kama wa samaki chuchunge. Tulipofika kwenye geti la chuma vidole vilikuwa vimeshaomba msamaha. Akaketi kwenye benchi la kwanza alilokutana nalo, akaniambia nitangulie nikatazame watu wako wapi, yeye atanifuata akishaelewana na miguu yake. Chiriku alikuwa ameondoka nyumbani mapema, hatukujua yuko upande gani.

Nikashika njia ya kokoto inayozunguka bwawa. Nilichukua upande usio wangu, kama kawaida yangu. Hapakuwa na mtu. Matete upande mmoja, mteremko wa majani upande wa pili, na kamba ya njano imevutwa kutoka mti hadi mti kuzuia watu wasipande. Palikuwa na kibao pia. Nilikiona. Sikukisoma. Nimeishi miaka mingi nikidhani vibao huandikiwa watu wengine.

Ndipo nikamwona. Kwanza nilidhani ni jani kavu linapeperuka. Likapanda juu badala ya kushuka, nikatazama vizuri. Kipepeo, dada. Rangi ya chungwa lililoiva, ncha za mabawa nyeusi, na yale madoa meupe kama mtu amemrushia chokaa. Yule yule tuliyekuwa tukimwita bi harusi. Alipepea polepole, hana haraka na mtu, akatua juu ya ua. Na ua lenyewe nikalijua kabla sijainama. Maziwa ya mbuzi. Lile lenye vikonyo vya zambarau na majani mazito kama sikio, ukilivunja linatoka utomvu mweupe, nawe ukanichapa kiganja siku niliyotaka kuonja.

Huku hakuna ua lile. Huku hakuna kipepeo yule. Nimeishi hapa tangu nikiwa na nywele nyeusi na sijapata kuwaona, si mmoja wala mwingine. Nilisimama kama mtu aliyesikia jina lake la nyumbani likiitwa katikati ya wageni. 

Sikufikiri. Niliinama nikapita chini ya kamba.

Nilipofika karibu nikaona kwamba maganda ya mbegu, yale manene yenye ncha, kila moja limevishwa kifuko cha wavu na kufungwa uzi shingoni. Mteremko mzima, maganda yamefungwa. Dada, mtu mzima mwenye akili angejiuliza ni nani ametumia jasho lake kufunga vifuko vingi namna ile, na kwa nini. Mimi nikasema moyoni, tazama, hata hili wamelifunga. Nikafungua kifuko kimoja ili nione tu. Ganda lilikuwa limepasuka tayari. Ile sufi nyeupe ndani, laini, imepangwa kama magamba ya samaki, kila unywele na mbegu yake. Unakumbuka tulivyokuwa tukishindana kupuliza, na wewe ukishinda kwa sababu kifua chako kilikuwa kikubwa?

Nikapuliza.

Upepo ulitoka bwawani ukaichukua yote, ikapanda juu ya matete ikavuka maji. Nikacheka peke yangu kwa sauti. Nikafungua kingine. Na kingine. Sikuhesabu. Utomvu ulinipaka ndevu, sufi ikanijaa kichwani, nami nacheka, mzee wa shati la bluu.

Wakati huo kundi la watu lilikuwa limefika kwenye kona ya njia. Wazee, akina mama wenye vigari vya watoto, kijana mmoja na kamera shingoni. Mbele yao, akitembea kinyumenyume huku akiwaeleza kitu kwa mikono, alikuwa binti aliyevaa kizibao rangi ya limau. Akageuka kuwaonyesha mteremko. Alikuwa Chiriku.

Neno lilimkatikia mdomoni. Sijapata kuona neno la mwanangu likikatika.

Pembeni yake alikuwepo mama mmoja mnene mwenye kofia pana. Baadaye nilijua kwamba alikuwa dereva wa mabasi mpaka alipostaafu, na wote wanamwita Mama Dereva. Ndiye mkubwa wa wale watu wa kujitolea. Alinisemesha kwa upole, nataka ulijue hilo. Alisema, "Mzee, samahani, tunaomba utoke hapo. Hiyo ni mimea tunayoiondoa."

"Mnaiondoa ina kosa gani?" nikauliza.

"Inasonga mimea ya bwawani. Si ya hapa."

Dada, si ya hapa. Maneno matatu tu. Yeye alikuwa akizungumza juu ya mmea. Mimi niliyasikia kwa masikio ya miaka yote niliyosimama kwenye foleni na kuambiwa nirudi kesho, miaka yote ambayo mtu amenikatiza nikiongea akaniuliza natoka wapi hasa. Damu ilinipanda. Ulimi hauna mfupa. Nikawaambia, "Si ya hapa. Hata mimi si wa hapa. Leteni majembe basi, mning'oe na mimi." Nikaendelea. Nikasema wanafunga maua magunia vichwani kama wafungwa. Nikasema kwetu mtoto wa kambo naye hupewa sahani. Nilisema mengi, na kila nililosema lilionekana kubwa wakati linatoka na dogo lilipokwisha kutoka.

 Mama mmoja aligeuza kigari cha mtoto kikatazama upande wa pili. Yule kijana wa kamera alikuwa ameishusha, akatazama viatu vyake. Nikamtazama Chiriku. Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya ndoo ambayo hakuna aliyeigusa.

Mama Dereva aliona macho yetu yanavyokutana. Akamuuliza taratibu, "Unamfahamu mzee huyu?"

Mwanangu alifungua kinywa. Mimi nikamwahi. Nikasema, "Hanifahamu. Na mimi simjui huyu binti. Napita tu."

Hilo ndilo jambo lenyewe, dada. Mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Siku mbili za kwanza nilijiambia nilisema vile kumkinga. Kwamba nilitaka aibu inibakie mimi, yeye aendelee na matembezi yake akiwa msafi. Nilimwambia hivyo hata wifi yako. Lakini wewe hujawahi kudanganyika na mimi, basi nikuambie ilivyokuwa. Nilikuwa nimesimama na kifuko kitupu mkononi, sufi kwenye nyusi, watu wananitazama, na sikustahimili kuwa baba wa mtu yeyote katika hali ile. Nilitaka kuwa mpita njia. Mpita njia akivuruga anakwenda zake, haulizwi ukoo. Nilijikinga mimi, na ngao niliyoishika ilikuwa mtoto.

Mungu naye hakuniacha niondoke na uongo wangu. Wifi yako akatokea kwenye kona, viatu mkononi, anachechemea kwenye kokoto peku, na sauti yake unaijua, haihitaji simu. "Baba Chiriku, umenipoteza. Ah, mwanangu, kumbe mko wote hapa." Akamshika Chiriku bega. "Umemwonyesha baba yako ulichotaka kumwonyesha?"

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka. Mama Dereva alisema tu, "Karibu, mama," akamshika mkono kumsaidia. Chiriku alimeza mate, akawageukia watu wake, akasema, "Tuendelee. Upande wa kushoto mtaona matete." Akamaliza matembezi yake yote, sauti kavu kama chaki, hakukosea neno. Mimi nilifuata nyuma kabisa, nimebeba viatu vya mke wangu. Angalau nilipata kitu cha kubeba.

Nyumbani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniamkia asubuhi, alinitengea chakula, alipiga pasi shati la bluu akalitundika. Aliongea na mama yake kwa kiasi cha mahitaji. Lakini yale maneno ya kujaza nyumba, ya kwamba leo dukani alikuja mtu anaomba dawa ya kumtuliza mama mkwe, yale yalikoma. Fundi viatu wa chini alinisimamisha ngazini akauliza kama binti amesafiri. Husikia kila kitu kupitia dari. Nikasema yupo. Akasema, "Aa," akarudia kazi yake, na ile "aa" ilinichoma kuliko sindano yake.

Siku ya tatu nilimsubiri ngazini akienda kazini. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwomba radhi kwa maua, kwa vifuko, kwa kuvuka kamba, kwa kelele nilizopiga. Nikazunguka kama inzi kwenye taa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkoba begani. Kisha akasema, "Baba, ua ningekusamehe kabla hatujafika getini." Akashuka ngazi.

Nilipomwambia wifi yako, alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. Akasema, "Mtoto akinyea mkono, wakubwa tunajua mkono haukatwi. Sasa baba akinyea, mtoto akate nini?"  Nikashika ncha ya pili ya shuka nikamsaidia kukunja.

Siku yangu ya mapumziko nilirudi bustanini peke yangu. Sijui nilikuwa nafuata nini, labda kutazama nilichoharibu. Nilimkuta Mama Dereva mteremkoni, amepiga magoti, anafunga upya vifuko nilivyofungua, vile ambavyo vilikuwa bado na kitu. Nilitaka kugeuka nirudi. Akaniona. Akasogeza ndoo, akanionyesha niikalie, akanipa ganda nimshikie.

Hakunihubiria. Alinieleza kama mtu anavyomweleza abiria aliyepanda basi lisilo lake. Inasemekana mtu mmoja wa mtaa wa juu aliupanda mmea ule uani kwake, kwa kupenda vipepeo, maana viwavi wa kipepeo yule hawali jani lingine. Ulipendeza. Kisha mbegu zikaruka, zikafika bwawani, na mmea ukashika mteremko wote; ndiyo maana ya vifuko, mbegu zisiruke tena kabla hawajaung'oa. Chini yake palikuwa na ua dogo jeupe la hapa, ambalo nyuki wa hapa wanalitegemea. Akapekua majani akanionyesha moja. Lilikuwa limerefuka na kupauka likitafuta mwanga, jembamba kama uzi. Nilikuwa nimekanyaga mengine kama lile siku ile bila kujua kwamba yapo.

Nikamwambia kipepeo hana kosa. Akasema, "Hana. Ua nalo halina kosa. Na bwawa nalo halina kosa."

Akafunga uzi wa kifuko kingine. Kisha akasema, bila kunitazama, "Tulikuwa tumekuwekea kiti."

Sikuelewa. Akanieleza. Chiriku ndiye aliyeomba matembezi yale yaishie pale mteremkoni. Aliwaambia wenzake kwamba baba yake anatoka mahali ambapo ua lile liko kwao, ambapo mbuzi wanalikwepa lakini wadudu wanalipunguza na kila kitu kimezoeana nalo, halihitaji kung'olewa na mtu. Aliwaambia baba yake amemsimulia habari zake tangu akiwa mdogo, na jina tulilolipa, na kipepeo wake. Alitaka mimi nisimame nikawasimulie, ili watu wasije wakaondoka pale wakilichukia ua, wakidhani ni baya tangu kuumbwa. Hakuniambia kwa sababu alijua ningekataa kwa haya. Kile kizibao cha limau alikuwa amekivaa kwa mara ya kwanza kama kiongozi. Wenzake walikuwa wamebeba kiti cha kukunja kutoka ofisini mpaka mteremkoni, kwa ajili ya mzee wa shati la bluu.

Dada, nilikalia ile ndoo nikaficha uso kwa mikono kama mtoto, na mikono ikanuka maziwa ya mbuzi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Sikumwambia Chiriku, nilimwacha atangulie nikafuata. Wana kawaida yao pale. Kabla ya kazi husimama duara, kila mtu anasema yeye ni nani na ameletwa na nini. Mmoja alisema daktari amemwambia atembee. Mwingine alisema nyumbani kuna wageni anawakimbia, watu wakacheka. Zamu ikanifikia. Midomo ilikuwa mikavu kama nimelamba hamira. Nikasema, "Mimi ni baba yake Chiriku. Wiki ile mlinisikia nikisema simjui. Nilisema uongo. Nimekuja kung'oa."

Mtu mmoja alikohoa. Mama Dereva akanipa glavu. Chiriku alikuwa upande wa pili wa duara, alitazama viatu vyake vya mpira, na sikuona uso wake.

Kung'oa ule mmea si mchezo. Ukivuta shingo inakatika, na mzizi uliobaki unachipua mara mbili kwa hasira. Nilikata mimea ya kwanza mitatu au minne hivyo hivyo, nikisikia Chiriku yuko karibu. Hatimaye akasema, "Shika chini, baba, halafu tikisa kwanza." Angemwambia mtu yeyote vivyo hivyo. Lakini alisema baba, mbele ya watu, na mimi nikashika chini nikatikisa kwanza kama niliyepewa amri na hakimu.

Kwenye mmea mmoja nilikuta viwavi, wale wenye mistari myeusi na myeupe na ya njano. Nikashindwa kutupa. Nikamwita, nikamuuliza hawa nao wanafanywaje. Akasema wanakatwa na jani lao wanawekwa kwenye ndoo ya kijani, kuna mwalimu wa shule ya jirani anawalea darasani mpaka wageuke.

"Na wakishageuka?" nikauliza.

"Hatujui bado, baba. Tunabishana kila wiki."

Hayo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu siku ile.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu, hakuharakisha wala hakunisubiri. Njiani aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mbegu nilizopuliza zitaonekana msimu ujao ng'ambo ya bwawa, mahali ambapo palikuwa bado safi, na itabidi mtu azifuate moja moja. Nikasema nitazifuata mimi. Akasema, "Si msimu mmoja." Nikasema najua. La pili, kwamba safari ya kuja kwako iko pale pale. Nikaanza kusema habari za sanduku langu. Akasimama. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ulifanana na ule wa Mama Dereva, "Safari hii niende peke yangu. Nataka nipaone kwetu kabla sijaonyeshwa na wewe."

Sikubishana. Nilikuwa na haki gani? Jana nilikwenda tena bustanini, na leo mgongo wote unaniuma, na nimemwomba fundi viatu aninyooshee kiatu cha wifi yako, na nimekaa dirishani kukuandikia.

Sasa ninalokuomba. Mpeleke akalione ua pale linapoota bila kumuudhi mtu, kwenye njia ya kisimani, kama njia bado ipo. Mwache avunje jani mwenyewe. Msimulie habari za mama, na za ule mwaka wa njaa, na jinsi ulivyoacha shule ili mimi niende. Mimi sikuwahi kumsimulia hayo vizuri. Nilisimulia maua na vipepeo kwa sababu hayakunigharimu kitu.

Lakini usimwombe anisamehe. Najua moyo wako. Nilipovunja mtungi wa bibi ulisema ni mbuzi. Nilipopoteza daftari ulisema ni mvua. Baba alinyanyua fimbo na wewe ukasimama katikati, ukapigwa wewe. Safari hii usisimame katikati, dada. Akikuuliza baba yake alikuwa mtoto wa namna gani, mwambie kweli yote, hata ile inayonivunjia heshima. Akinicheka, mcheke naye. Akilia, mwache alie, usimwambie baba yako ana moyo mzuri. Hilo nataka aligundue mwenyewe nikiwa hai, kama lipo.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu wote, mkubwa aliyeoa na mapacha ambao bado sijui nani ni nani. Shangazi yetu mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Mwambie nimeliona mwaka huu ua ambalo alikuwa akitukataza kulichezea, na kwamba alikuwa na haki. Mzee wa jirani mwenye jogoo, msalimie pia, lakini shemeji asijue.

Mungu akulinde kwa afya, akupe usingizi mnono na goti tulivu, na akujaalie uuone uso wa mwanangu ukiingia mlangoni kwako. Akiingia akiwa anaongea, mshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Ni mimi ninayekupenda tangu sijajua neno la kupenda, ingawa leo nakuandikia nimeinamisha uso,

Kitindamimba wenu.